Mshonaji wa Bungoma Anayewajua Waigizaji kwa Mabega Yao

BUNGOMA, Juni 1956

Jua liko utosini na Agneta Naliaka anatunga uzi kwenye sindano. Ameketi kwenye baraza ya duka la Umesh, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli, kichwa kimeinama hadi karibu kugusa magoti. Uzi unakosa tundu mara tatu. Anaulamba, anausokota kwa vidole viwili, anajaribu tena. Ukipita, anaichomeka sindano kwenye kipande cha blanketi na kuchukua nyingine.

Zimefika kumi na tisa. Anataka ishirini na tano.

"Hii ndio saa yangu ya macho," anasema bila kuinua uso. "Saa nane ikipita, tundu sioni tena. Sasa natunga yote mapema, jioni nachukua moja moja nashona."

Kando yake kuna sanduku la bati linalotosha kulaza mbuzi wawili. Lilishushwa Jumatatu kutoka kwenye garimoshi la mizigo la Kampala. Ndani mna mavazi ishirini na matatu ya mchezo wa kuigiza: magauni ya hariri yenye zari ya nyuzi za dhahabu, makoti ya wafalme, shela, suruali pana za wachekeshaji. Mahali fulani baada ya Tororo mvua iliingia. Rangi nyekundu imehamia kwenye nguo nyeupe, bitana zimeanza kuoza, na pindo la dhahabu la gauni la malkia limegeuka kuwa nyuzi nyeusi zinazokatika mkononi.

Leo ni Jumatano. Mchezo ni Jumamosi, Kitale, saa tisa alasiri.

Agneta, mwenye umri wa miaka hamsini hivi, amefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Makundi ya waigizaji huja kwa meli kutoka Bombay, hupanda reli Mombasa na kwenda mji kwa mji hadi Kampala. Katika kila mji kuna watu wanaowapokea, kuwalaza na kuwalisha, na waimbaji wa mahali hapo hujiunga nao jukwaani. Kundi lisilo na mavazi huazimwa na lingine. Mwenye kuugua njiani hutunzwa na wenyeji mpaka apone. Na nguo zikichanika popote kati ya Nakuru na Kampala, sanduku hushushwa Bungoma. Juu ya kifuniko huandikwa neno moja tu kwa chaki: AGNETA.

Yeye mwenyewe hawajui watu hao. Anazijua nguo zao.

"Huyu," anasema akiinua gauni la kijani, "bega lake la kushoto limelala. Ni mwimbaji wa Mbale, anaitwa Nambozo. Miaka tisa namtilia pamba kidogo hapa ndani, ndio gauni ikae sawa. Sijawahi muona na macho."

Anachukua koti la mfalme na kuonyesha pini nne kiunoni. "Na huyu amekonda. Amekunja mwenyewe na pini. Ama anaugua, ama anawaza. Mtu hakondi hivi bure."

Kwa kutia kiraka hulipwa senti hamsini, na kwa gauni zima shilingi mbili. Mwezi mzuri humpa shilingi thelathini. Mwezi mbaya sanduku haliji kabisa, naye hushona sare za watoto wa shule.

Safari hii hakuna malipo, na ni yeye aliyekataa. Mchezo wa Kitale umeandaliwa kwa ajili ya Mzee Jethalal, mpiga ngoma za tabla aliyelala hospitalini Kampala tangu Februari. Ana miaka sabini na mbili na mapafu yake yamechoka. Anachotaka ni kurudi kwao akafe karibu na dada zake. Makundi yote ya njia ya reli yamekubaliana kucheza pamoja siku moja ili apate tiketi ya meli na mtu wa kumsindikiza. Meli inaondoka Mombasa mwishoni mwa mwezi. Baada ya hapo, daktari amesema, hataweza kusafiri.

"Mzee huyo nilimshonea kofia mwaka wa thelathini na tano," anasema Agneta. "Sasa nikichelewa mimi, atazikwa na watu hawamjui. Hiyo ni mzigo, bana."

*

Mwaka huo wa 1935 ndio ulioanzisha yote, lakini ili kuueleza Agneta hurudi nyuma zaidi, hadi kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Bhagwanti.

Agneta alizaliwa vilimani juu ya Sirisia. Aliolewa na Nyongesa, kibarua wa reli, wakahamia Bungoma wakati stesheni ilikuwa bado inanukia rangi mbichi. Kila asubuhi alipeleka maziwa kwenye duka la Mhindi, na mke wa mwenye duka alikuwa Bhagwanti. Alikuwa ameletwa kutoka India akiwa na miaka kumi na minane. Hakukuwa na mwanamke mwingine wa kwao mjini.

"Alikuwa analia kwa ghala ya mchele," anakumbuka Agneta. "Mimi naweka maziwa, nasikia mtu analia. Siku ya tatu nikaingia nikakaa chini karibu na yeye. Sikuwa na neno la kumwambia. Yeye hajui Kibukusu, mimi sijui Kihindi. Kiswahili wote tulikuwa tunajua kidogo, kama ya sokoni. Basi tukaijenga hapo hapo, sisi wawili. Mpaka leo kuna maneno nasema watu wananicheka. Ni maneno yetu."

Mtoto wa kwanza wa Bhagwanti, Mohini, alizaliwa mikononi mwa Agneta usiku ambao daraja lilikuwa limefurika na mkunga hakuweza kufika. Tangu hapo Agneta hakumwita mwenziwe kwa jina lingine ila Mama Mohini. Bhagwanti naye akamfundisha cherehani.

Kisha likaja kundi la Bombay, likielekea Kitale. Fundi wao wa nguo alikuwa amefariki kwa homa huko Jinja, na mavazi yalikuwa yameliwa na panya. Walishuka Bungoma kwa sababu mtu fulani aliwaambia kwamba mke wa mwenye duka ana cherehani. Wanawake hao wawili walishona siku mbili mfululizo. Mkuu wa kundi alipoondoka aliandika jina la Agneta kwenye daftari lake, na jina hilo likasafiri.

Bhagwanti ndiye aliyeandika barua. Alijua herufi za Kizungu, na kwa herufi hizo aliandika Kiswahili, Kigujarati na Kiingereza kidogo, akiwajulisha watu wa Nakuru, Mbale na Kampala kwamba Bungoma kuna fundi. Agneta alishona na Bhagwanti akaandika.

*

Mwaka 1938 walisafiri pamoja hadi Kitale kupeleka nguo, wakiwa na hamu ya kuuona mchezo. Ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa siku moja kutoka kwa wenyewe, ambao hawatatajwa hapa. Bwana wa mlangoni alimtazama Agneta, akasema watumishi wangoje uani.

"Mama Mohini aliambiwa yeye aingie na mlango ya nyuma. Akaingia. Mimi nikakaa nje juu ya sanduku. Haikupita dakika kumi, namuona anatoka, ameshika sari yake ndio isiguse matope. Akakaa karibu na mimi."

Walikaa hapo kwa saa mbili na nusu. Sauti zilitoka kupitia mbao za ukuta, na Bhagwanti akamweleza kila kitu kwa kile Kiswahili chao: sasa malkia amefukuzwa, sasa mwanawe anamtafuta msituni, sasa amemkuta lakini hamtambui.

"Nililia kwa ule mchezo kuliko watu wa ndani," anasema Agneta. "Na sikuona hata kidole ya mtu."

Miaka iliyofuata iliwachukua watu wake mmoja mmoja. Mwanawe wa pekee, Wanjala, aliandikishwa jeshini mwaka 1942. Ikaja barua moja kutoka Burma, kisha ikaja karatasi ya serikali. Mwaka 1949 mume wa Bhagwanti aliugua, na familia ikaamua kurudi India. Duka likabaki kwa Umesh, mpwa wa mume. Miaka miwili baadaye Nyongesa alikufa kwa kifua.

Kwenye jukwaa la stesheni, siku ya kuagana, Bhagwanti alimkabidhi sari yake ya harusi, nyekundu, yenye pindo la zari pana kama kiganja. Agneta hajaivaa. Huianika mara mbili kwa mwaka ili isiliwe na nondo.

"Akaniambia atarudi baada ya mavuno mbili," anasema. "Mimi nilijua. Mtu anayerudi hagawi nguo ya harusi."

*

Alhamisi jioni nguo kumi na nne ziko tayari. Anashona ndani ya nyumba yake ya vyumba viwili nyuma ya soko, mlango ukiwa wazi ili kupata mwanga wa mwisho, mkaa ukiwa ndani ya pasi. Hakuna redio wala mazungumzo. Mara kwa mara anaisemesha nguo: "Wewe umejaa jasho, unaruka sana wewe," na kucheka peke yake.

Tatizo ni gauni la malkia. Umesh ametuma mtu Webuye, ameuliza hata Kitale. Hakuna zari mahali popote. Ya kuagiza Nairobi itafika wiki ijayo.

Ijumaa asubuhi Agneta anaitoa sari na kuitandika mezani. Umesh, kijana wa miaka thelathini mwenye miwani, amekuja kuona kazi imefika wapi. Anapouona mkasi anashtuka.

"Mama Agneta, usikate hiyo! Hiyo ni ya Kaki Bhagwanti. Tutaweka utepe wa njano, watu wa nyuma hawataona tofauti."

"Watu wa mbele je?"

"Watu wa mbele watasamehe."

"Umesh," anasema Agneta, "malkia hawezi vaa utepe kama zawadi ya mtoto. Hebu niache kidogo."

Umesh anatoka. Agneta anasimama mbele ya sari kwa muda mrefu, mkasi mkononi, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Kisha anakata. Hakati kwa haraka. Anapomaliza anakunja kitambaa kilichobaki, anakirudisha kwenye mfuko wake wa karatasi, anaketi na kuchukua sindano ya kwanza.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nguo ishirini na mbili zimo sandukuni. Ya ishirini na tatu, suruali ya mchekeshaji, anaimalizia ndani ya lori, mahali barabara inaposawazika baada ya Kimilili.

*

Lori ni la Avtar, Singasinga mwenye kiwanda kidogo cha mbao Kitale. Ndiye mkuu wa kundi la waigizaji wa mji huo na mjenzi wa majukwaa yao. Anamsubiri Agneta mlangoni pa ukumbi wa jumuiya ya Wahindi, kilemba kipya kichwani, vumbi la mbao likiwa bado kwenye ndevu.

"Mama, leo hapana kaa nje," anasema. "Kiti yako iko mstari wa pili. Mimi nimeandika jina."

Agneta anashukuru, lakini kwanza anataka kwenda chumba cha kuvalia. Humo kuna vurugu ya watu kama ishirini: Wahindi wa Kampala na wa Kitale, waimbaji wa Mbale, wapiga litungu wawili kutoka Sirisia wanaokaza nyuzi zao. Sanduku linafunguliwa na kila mtu anatafuta lake. Hakuna anayemtazama mwanamke mwenye kitenge aliyesimama kwenye kona.

Yeye ndiye anayewatazama. Macho yanapita mgongo hadi mgongo, kisha yanasimama.

"Nambozo," anaita.

Mwanamke wa miaka thelathini na kitu anageuka. Bega lake la kushoto limelala.

Lugha zao, Kibukusu na Kigisu, ni kama mtu na binamu yake, kwa hiyo hawahitaji mkalimani.

"Umenijuaje, mayi?"

"Nakutilia pamba miaka tisa."

Nambozo anaweka mkono mdomoni. "Ni wewe? Mimi nilidhani ni mwanamume! Mzee mmoja wa Kihindi mwenye miwani!"

Wanacheka mpaka wanashikana. Agneta anauliza lile alilotaka kuliuliza kwa miaka yote hiyo: bega lilipatwa na nini. Nambozo anamwambia kwamba aliteleza akichota maji akiwa na miaka minane, mfupa ukaunga vibaya, na mama yake akamwambia asisimame mbele za watu. Agneta anamfunga vifungo vya mgongoni. Kengele inapigwa.

Ukumbi umejaa. Agneta anaketi mstari wa pili, viganja juu ya magoti, mgongo haugusi kiti. Taa za jukwaani zinawaka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake anaona nguo zake zikitembea.

Mchezo unaigizwa kwa Kigujarati. Watu wa kulia wanacheka, watu wa kushoto wanafuta machozi. Agneta anaangalia mishono. Mfalme anapoinua mkono, yeye anazuia pumzi kwa hofu ya mshono wa kwapa. Malkia anapoingia, na pindo la zari kupata mwanga, Agneta anainama mbele kana kwamba ameitwa.

"Nilimuona Mama Mohini anapita," anaeleza baadaye. "Si yeye, najua. Lakini ile pindo naijua vile inatembea. Nikageuka kumwambia, 'Tazama.' Karibu na mimi kulikuwa na mzee amelala usingizi."

Kisha anaongeza jambo ambalo mwandishi wa habari hizi hakulitarajia.

"Siku ile ya uani nilielewa yote. Leo nimekaa ndani, kwa kiti, jina langu limeandikwa, na sikuelewa hata neno moja. Hakukuwa na mtu wa kuniambia."

Nambozo aliimba mwishoni, wimbo wa kumsindikiza msafiri, tabla za Kitale na litungu za Sirisia zikimfuata. Huo aliuelewa. Gauni la kijani lilikaa sawa.

Saa moja baadaye watu wa Mbale walikuwa wamepanda lori lao ili kuwahi mpaka. Nambozo alipunga mkono kutoka nyuma, katikati ya ngoma. Baada ya miaka tisa, walikuwa wamekaa pamoja kwa muda wa kuchemsha chai.

*

Wiki tatu baada ya mchezo, Umesh amepata barua kutoka Mombasa. Mzee Jethalal amepanda meli. Alibebwa kwa machela, lakini alipofika ngazini aliomba asimame, akapanda hatua tatu za mwisho kwa miguu yake mwenyewe huku muuguzi akimshika mkono. Kwenye picha waliyoambatanisha amevaa kofia.

Agneta ameiangalia picha hiyo kwa makini. "Imepauka," anasema, "lakini mshono umeshika."

Sanduku halijarudi. Avtar anasema makundi ya Bombay yanapungua. Siku hizi watu wanataka sinema. Mavazi mengine hushonwa Nairobi kwa mashine za umeme. Agneta hajui kama lile la mchezo wa Kitale lilikuwa la mwisho. Anaendelea na sare za shule.

Lakini kila Jumanne na Ijumaa, saa tisa alasiri, anafunga cherehani na kwenda kwenye darasa la watu wazima katika jengo la kanisa. Mwalimu ni Edah Nekesa, binti wa miaka ishirini na mbili. Agneta ndiye mkubwa kuliko wote darasani na ndiye anayekaa karibu zaidi na ubao.

Sababu yake iko ndani ya bahasha moja: barua kumi na moja za Bhagwanti, zilizoandikwa kwa Kiswahili chao, zilizofika tangu mwaka 1949. Kila ilipofika, Umesh aliisoma dukani kwa sauti, wateja wakisikiliza, na majibu yakaandikwa na karani wa stesheni.

"Umesh ni kijana mzuri," anasema. "Lakini mambo ya mama wawili hupitishi kwa kijana wa mtu. Tena anaruka. Mimi namuona. Macho inaendelea kwenda na mdomo imesimama, halafu ananiambia, 'Hapo anasalimu watu wote.' Watu gani? Mimi niko peke yangu."

Umesh, alipoulizwa, alivua miwani na kuifuta. "Kuna maneno si ya kusomea mbele ya watu wanaonunua chumvi," alisema. "Niliona haya. Nilipaswa kufunga duka kwanza."

Mwalimu Edah anakadiria kwamba kufikia Krismasi mwanafunzi wake ataweza kusoma barua nzima bila msaada. Agneta anapanga kuzisoma kwa mpangilio, kuanzia ile ya kwanza, kisha aandike jibu kwa mkono wake mwenyewe. Ataeleza jinsi alivyoikata sari, na kwa nini. Atasimulia mchezo wote, aliouona na asiouelewa.

Kwa sasa anaweza kusoma maneno mawili. Aliyasoma Ijumaa iliyopita, kidole juu ya karatasi, herufi moja baada ya nyingine, na Edah akamwambia amepata.

"Umesh kila siku alikuwa anaanza hivi: 'Kwa Agneta,'" anasema. "Miaka saba, 'Kwa Agneta, Kwa Agneta.' Mimi nikajua ndio vile ameandika."

Anaifungua barua ya juu na kuonyesha mstari wa kwanza, akiufuata kwa ukucha.

"Kumbe haijaandikwa hivyo. Imeandikwa, 'Dada yangu.'"

Anachukua ya pili, kisha ya tatu, anazipanga mezani zote kumi na moja. Zote zinaanza kwa maneno hayo hayo.